Jaramogi na Mipaka ya Ziwa

Hivi karibuni mwanafunzi ninayemsimamia utafiti wake alirejea chuoni mikono mitupu. Alikuwa amefunga safari kwenda kurekodi mazungumzo ya wasemaji wa Dholuo wanaoishi ng'ambo ya mpaka, watu wanaosema lugha ile ile isemwayo Migori na Homa Bay. Ofisa aliyemkuta mpakani alimdai kibali baada ya kibali, hata siku zikamwishia na nauli pia. Akaniuliza iwapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya watu au ni ya marais. Sikumjibu papo hapo. Nilimtuma maktabani akasome maisha ya Hayati Jaramogi Oginga Odinga, na leo ningependa kuwaeleza wasomaji sababu yake.

Odinga alizaliwa yapata mwaka 1911 kijijini Nyamira Kang'o, Sakwa, katika Bondo ya leo. Miaka michache tu kabla ya hapo, nchi hiyo yote pamoja na Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Reli ilipofika ukingoni mwa ziwa mwezi Desemba 1901, penye gati lililoitwa Port Florence, kwa hesabu ya wakoloni ilikuwa imeshaingia Uganda. Mwaka 1902 mstari ukasogezwa kwenye ramani, na wazee waliolala Uganda wakaamkia katika himaya nyingine, pasipo hata mmoja wao kuhama boma lake. Baadaye, kijana Odinga alipokuwa akikua, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande. Mkoloni aliihamisha mipaka apendavyo, lakini mwenyeji hakuruhusiwa kuhama kazi bila sahihi ya mwajiri wake.

Elimu ndiyo iliyomvusha mpaka mara ya kwanza. Kutoka Maranda alikwenda Maseno, kisha Alliance, na hatimaye Makerere, chuo ambacho wakati huo kilikusanya vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar chini ya paa moja. Alirudi Maseno kuwa mwalimu. Walimu wenzangu watavutiwa na hatua iliyofuata: aliacha chaki, akaingia biashara, kwa kuamini kwamba Mwafrika asiyemiliki chochote hatasikilizwa na yeyote. Mwaka 1947 kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation ikaanza, na matunda yake yakaonekana mjini Kisumu katika jengo la Ramogi na kiwanda cha uchapaji.

Je, mtaji ulitoka wapi? Haukutoka Nyanza peke yake. Waluo walikuwa wametawanyika katika karakana za reli, bandari, mashamba na viwanda, kutoka Mombasa hadi Kampala na miji ya Tanganyika. Odinga aliwafuata huko huko, akiuza hisa ndogo ndogo na kuimarisha matawi ya chama cha Luo Union. Katika miaka ya hamsini akawa Ker, yaani kiongozi mkuu wa chama hicho, na kutokana na jina la Ramogi, mhenga wa Waluo, ndipo alipopata lakabu yake ya Jaramogi. Kabla ya Afrika Mashariki kuwa mkataba, watu hawa walikuwa wakiiishi.

Mwaka 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960, baada ya ziara iliyomfikisha Uchina, alinyang'anywa pasipoti. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo vijana aliowasaidia walikuwa wakipitia Uganda na Sudan hadi Cairo, kisha wakaenda kusoma Ulaya ya Mashariki. Tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuzaliwa. Uganda ilihofia kupoteza sauti yake katika mambo ya nje, ufalme wa Buganda ulihofia hadhi yake, na Tanganyika ililalamika kwamba viwanda vilirundikana Kenya.

Odinga akawa Makamu wa Rais mwaka 1964, akajiuzulu Aprili 1966 na kuongoza chama cha upinzani cha KPU. Pasipoti yake ikachukuliwa tena, safari hii na serikali ya Waafrika wenzake. Oktoba 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu siku ya ufunguzi wa hospitali, alitiwa kizuizini, na KPU ikapigwa marufuku. Angali kizuizini, mwaka 1970 serikali ya Obote iliamuru maelfu ya wafanyakazi Wakenya waondoke Uganda, na wengi wao walikuwa Waluo. Mkataba wa 1967, uliotiwa sahihi Kampala kwenyewe, ulikuwa ungali hai. Ulishughulikia bidhaa, reli, posta na bandari, lakini haukumpa mfanyakazi ngao yoyote. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Hapa ndipo ninapotaka tutafakari. Mtandao alioujenga Jaramogi ulikuwa imara katika ugonjwa, katika msiba na katika biashara. Lakini ulijengwa juu ya ukoo, wala si juu ya uraia. Palipotolewa amri moja ya serikali, ukoo haukuwa na mahali pa kukata rufaa. Mfanyakazi aliyeijenga Kampala kwa miaka mingi hakuwa na kura wala mbunge huko. Uhuru wa kutembea usio na chombo cha kisiasa cha kuulinda ni fadhila tu, na mwenye kufadhili huweza kubadili nia asubuhi.

Wazungu nao hawajaukwepa mtihani huu. Mkataba wa Roma wa 1957 ulimruhusu mfanyakazi kuvuka mipaka, na mkataba wa Maastricht, uliotiwa sahihi mwaka 1992, ukamwongezea uraia wa Ulaya, juu ya mahakama ya pamoja iliyokuwapo tayari ya kumtetea. Hata hivyo mwaka 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa, huku hofu ya wageni ikiwa miongoni mwa sababu kuu, wakaondoka Januari 2020. Kwa hiyo mahakama peke yake haitoshi, pasipokuwa na wananchi walioridhika kwamba mgeni hakuja kuwapokonya tonge.

Sisi je? Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, na tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Jumuiya imefikisha nchi nane. Lakini mwaka 2025 Tanzania iliwapiga marufuku wageni kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo, na katika ziwa letu Kenya na Uganda zimezozania kisiwa cha Migingo, kilicho kama jiwe tu majini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hekima hiyo ilimtaka mgeni afanye kazi. Sheria zetu nyingi humkaribisha kwa siku kadhaa, kisha zikamnyima jembe.

Jaramogi alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, wiki saba tu baada ya marais watatu kutia sahihi huko Arusha makubaliano ya kufufua ushirikiano. Hakuishi kuyaona matunda yake. Mwanafunzi wangu amesoma, na ameomba kibali upya. Swali lake bado ninalo. Jibu langu ni kwamba Jumuiya itakuwa ya watu siku ambayo msafiri aliyerudishwa mpakani kinyume cha mkataba atajua mlango wa kubisha, na mlango huo utafunguliwa hata kama hana jamaa ndani. Walimu, wafundisheni wanafunzi wenu mkataba huo pamoja na historia hii. Ni vigumu kuidai haki ambayo hujapata kuisoma.