Hansen: Mpaka rangi aliyefuga hamira ya bia

AKINA mama wanaopika busaa vijijini Kericho na Bomet hawana haja ya kununua hamira dukani. Kimea cha wimbi kikishasagwa na kutiwa chunguni, huja na hamira yake yenyewe. Baada ya siku chache povu hufoka, na wazee wakaandaa mirija. Hata hivyo, chungu cha leo huwa kitamu na cha wiki ijayo kikawa kichungu, ilhali mpishi ni yule yule na nafaka ni ile ile.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Emil Christian Hansen, aliyezaliwa Mei 8, 1842 mjini Ribe, Denmark. Ujanani alifanya kazi ya kupaka nyumba rangi, na baadaye akaandika riwaya ili ajilipie masomo. Mnamo 1876 alituzwa nishani ya dhahabu kwa utafiti wake kuhusu kuvu, na miaka mitatu baadaye akawa mkuu wa idara katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen.

Mwaka wa 1883 bia ya kiwanda hicho iliharibika, ikawa chungu na yenye harufu mbaya. Wengi walishikilia mafundisho ya Louis Pasteur kwamba bakteria ndio waharibifu. Hansen alisema la: ndani ya hamira njema mlikuwa na hamira za mwituni. Mwenye kiwanda, J.C. Jacobsen, aliyemstahi mno Pasteur, alisita.

Hansen aliizimua hamira kwa maji hata tone moja likawa na chembe moja au lisiwe nayo kabisa. Kila tone alilitia katika chupa yake. Palipoota doa moja tu jeupe, alijua ukoo wote ule umetoka kwa mzazi mmoja. Novemba 1883 hamira hiyo safi ilitumiwa kiwandani, na bia ikapona. Jacobsen, kwa ukarimu ambao ni nadra kwa wafanyabiashara, aliwagawia watengenezaji wengine bila malipo.

Hiyo ndiyo hamira ya laga. Haiogopi baridi: hufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 13, ambapo hamira nyingi husinzia, basi usiku wa Kericho hauwezi kuizima. Anayejipikia bia nyumbani huitia chupani pamoja na sukari kidogo, akafunga kizibo. Hamira hula sukari na kutoa gesi, nayo gesi, kwa kukosa pa kutokea, huyeyuka ndani ya bia. Masimbi hutulia chini. Lakini hamira ya mwituni ikijipenyeza humo, huendelea kula hata sukari zilizoachwa na mwenzake, na chupa ikapasuka kama risasi.

Hansen alifariki Agosti 27, 1909, mwaka mmoja baada ya kuipa hamira yake jina la Kilatini lililotokana na jina la kiwanda: Saccharomyces carlsbergensis.