Béla Guttmann, Mwalimu wa Kandanda Aliyehamahama

Vijana wa ukoo wetu wanaokulia hapa Southall wamelisikia jina la Eusébio kwa wazee wao. Yafaa wamjue pia mwalimu wake, maana kwa kuhamahama alitupita sisi sote.

Béla Guttmann alizaliwa Budapest mwaka 1899, katika familia ya Kiyahudi. Alicheza senta hafu katika klabu ya MTK, akatwaa ubingwa wa Hungaria na kuitwa timu ya taifa, akawemo katika Olimpiki ya Paris ya 1924 ambako Misri iliwafunga Wahungaria mabao 3 kwa 0. Wakati huo chuki dhidi ya Wayahudi ilikwisha msukuma hadi Vienna, kwenye klabu ya Hakoah. Mwaka 1926 akavuka bahari kwenda New York.

Aliporejea Ulaya akashika ualimu wa mpira. Mwaka 1939 aliipa Újpest ubingwa wa Hungaria. Miaka mitano baadaye alikuwa mfungwa katika kambi ya kazi za shuruti, akatoroka. Baba yake na dada yake waliuawa na Wanazi. Mwenyewe aliyazungumzia hayo kwa nadra, nami sitayapamba.

Baada ya vita hakutua popote. Mjini Bucharest alilipwa kwa vyakula badala ya fedha. Milan ilimfukuza mwaka 1955 ilhali timu iko kileleni mwa ligi. Akafundisha Argentina, Kupro na Brazil, na mara nyingi aligombana na wakubwa, akafunga virago. Aliamini kwamba mwaka wa tatu humwangamiza mwalimu.

Mavuno yake yalikuwa Lisbon. Benfica ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1961, na Eusébio alikuwa amekwisha wasili kutoka Lourenço Marques, kijana wa miaka 18. Mwaka 1962, katika fainali mjini Amsterdam, Real Madrid iliongoza 3 kwa 2 hadi mapumziko, mabao yote matatu yakiwa ya Puskás, Mhungaria aliyepata kukosana na Guttmann huko kwao. Kipindi cha pili wana wawili wa Msumbiji waliupindua mchezo: Coluna akasawazisha, Eusébio akaongeza mawili.

Guttmann akaomba nyongeza ya malipo. Uongozi ukakataa, naye akaondoka. Husemwa kwamba aliilaani Benfica isitwae tena kombe la Ulaya kwa miaka 100. Kwangu mimi hizo ni hadithi za barazani, ingawa mwaka 1963, hapo Wembley jirani yetu, Eusébio alitangulia kufunga na bado Milan ikashinda 2 kwa 1.

Alifariki Vienna mwaka 1981. Benfica ilipocheza fainali mjini humo mwaka 1990, Eusébio alikwenda kwanza kuomba kaburini kwake. Milan ikashinda 1 kwa 0.