Maisha ya Daktari Ian Donald

Wenzangu wengi wakitakiwa kuandika habari za mtu mashuhuri huandika za Mtemi Mirambo au Isike, na hapana ajabu, maana hapa ndipo kwao. Mimi naomba ruhusa ya kuandika habari za mganga wa Kizungu, kwa kuwa kazi yake yawahusu sana mama zetu wa Choma.

Ian Donald alizaliwa tarehe 27 Desemba 1910 huko Liskeard, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Baadaye jamaa wote walihamia Afrika ya Kusini, na Ian akasoma Cape Town. Mwaka 1927 mama yake alikufa kwa dondakoo, na haikupita miezi mingi baba naye akafuata. Mwaka 1931 kijana alirudi Uingereza, akasomea uganga London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi la anga. Huko alijifunza habari za vyombo vinavyopeleka mawimbi mbali na kupokea mwangwi wake, ili ijulikane adui yuko wapi.

Mwaka 1954 alifanywa Profesa wa ukunga Glasgow. Tarehe 21 Julai 1955 alipakia garini vivimbe vilivyokatwa kwa wagonjwa, akavipeleka katika kiwanda kimoja cha Renfrew. (Sijui mabawabu walionaje!) Mafundi wa pale walikuwa na chombo cha sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio, cha kutafutia nyufa ndani ya chuma. Wakaweka na kipande cha nyama ya ng'ombe ili kulinganisha. Kumbe mwangwi wa uvimbe wa maji si sawa na wa uvimbe mgumu! Basi Donald, pamoja na fundi Tom Brown na Daktari John MacVicar, wakaunda chombo cha kumpimia mtu aliye hai. Mwanamke mmoja aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika alionekana ana uvimbe wa maji tu; ukatolewa, akapona. Mwaka 1958 wakatangaza kazi yao katika gazeti la waganga liitwalo Lancet. Ndiyo altrasaundi ya leo.

Donald mwenyewe alikuwa mgonjwa wa moyo, akapasuliwa mara tatu. Tena alipinga vikali sheria ya Uingereza ya 1967 iliyoruhusu kutoa mimba. Neno hilo bado lina ubishi, maana wako wazazi ambao wakiambiwa moyo wa mtoto una kasoro kubwa huchagua kuitoa.

Kufika mwaka 1980 Daktari Lindsey Allan na wenzake wa London walikuwa wakiutazama moyo wa mtoto tumboni, vyumba vyote vinne. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, yapata mmoja ana kasoro ya moyo. Ikijulikana mapema, mama huweza kuzalia karibu na wapasuaji. Mama yangu alipimwa mara moja, wakaangalia mkao wa mtoto tu. Mdogo wangu alipolia midomo iligeuka zambarau. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, tangu 2015, lakini kutoka Choma ni mbali. Aliishi miezi mitatu. Nauli ilikuwa bado yachangwa.

Daktari Donald alifariki tarehe 19 Juni 1987, akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa Paglesham, Uingereza.