Alexander Mackay: Fundi wa Natete

Alexander Mackay, mhandisi na mmisionari, alizaliwa Rhynie, Uskoti, mwaka 1849. Aliwasili Unguja mwaka 1876, na mwaka uliofuata akasimamia ujenzi wa njia ya maili 230 kutoka Saadani hadi Mpwapwa, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapate kupita. Alifika Buganda, kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, mnamo Novemba 1878.

Zama hizo kila mzigo wa vifaa ulitoka pwani vichwani mwa wapagazi, safari ya miezi mingi. Mackay hakuketi kuusubiri. Huko Natete alijenga karakana, akawafunza vijana useremala na uhunzi, akachimba kisima na kukitia bomba, na akachonga kwa mkono herufi za mbao za kupigia chapa.

Mwaka 1882 alifariki Namasole, mama yake Kabaka, na Mackay akaamriwa kutengeneza majeneza matatu, moja likiwa la shaba. Mabamba ya shaba hayakuwapo nchini. Basi masinia na vyombo vya ikulu vilipondwa hadi vikawa mabamba. Miti ikaangushwa na kupasuliwa mbao. Kazi ikatimia.

Mwaka 1887 alilazimika kuhamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akafariki huko kwa malaria Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalizikwa upya Namirembe.

Nasi askari tukumbuke: kikosi kisichoweza kujitengenezea kifaa chake ni mateka wa mchukuzi.