Christiaan Huygens na Pete ya Zohali

Christiaan Huygens alizaliwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1629. Alisomeshwa nyumbani hata alipofika umri wa miaka 16, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Leiden. Wengi humkumbuka kwa saa yenye pendulamu. Sisi twamkumbuka kwa sayari ya Zohali.

Mwaka 1610 Galileo aliiona Zohali kana kwamba ina masikio mawili. Mwaka 1612 masikio yalikuwa yametoweka, baadaye yakarejea. Kwa zaidi ya miaka arobaini wanafalaki walichora kila mmoja umbo lake. Huygens, pamoja na kaka yake, alisugua vioo vya darubini kwa mikono yake mwenyewe, na mwaka 1659 akatoa jawabu: Zohali imezungukwa na pete bapa, nyembamba, isiyoigusa, nayo imeinama. Katika mzunguko wake wa takriban miaka 29 na nusu, mara hutuelekezea uso wa pete, na nuru ikaongezeka. Mara hutuelekezea ukingo tu, na pete ikapotea machoni, kama ilivyokuwa mwaka 2009 na 2025.

Huko Roma walitokea wapinzani. Basi mwaka 1660 wanachuo wa Florence waliunda kielelezo cha Zohali, wakakitazama kwa darubini kutoka mbali, na hata watu wasio na elimu ya falaki wakaombwa wachore walichokiona. Michoro yao ilimtetea Huygens kuliko hoja nyingi.

Jaribio hilo twaweza kulifanya hapa Rasbura bila darubini: chungwa, pete ya karatasi ngumu iliyoshikizwa kwa miba, na uwanja wa shule. Kila mtoto achore aonacho kabla hajaambiwa ni kitu gani, huku mwalimu akiigeuza pete kidogo kidogo hata ibaki kama uzi.

Huygens alihamia Paris mwaka 1666, akarejea kwao mwaka 1681 akiwa mgonjwa, na kufariki mwaka 1695, akiidhania pete kuwa kitu kimoja kigumu. Mwaka 1859 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba ni vipande visivyohesabika. Leo twajua kuwa vingi ni barafu. Ndiyo maana, jua linapokuwa nyuma yetu sawasawa, kila kipande hukificha kivuli chake, na pete hung'aa zaidi kwa siku chache.