Semei Kakungulu: Jemadari aliyegeuka mwalimu wa Torati

WAPITAO Kengeleni, Kisauni, kila asubuhi wakielekea kisiwani Mombasa, huiona kengele kongwe ya Frere Town kando ya barabara, na wengi huipita bila kuitupia jicho. Kijiji hicho kiliasisiwa mwaka wa 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini. Humo watu waliokuwa wamenyang'anywa majina na makwao walifunzwa kilimo, ufundi na, zaidi ya yote, kusoma. Kwa wamisionari hao dini ilikuwa kitabu. Asiyejua kusoma hakuhesabiwa kuwa ameingia.

Chama hicho hicho kilikuwa kimekwisha kupeleka watu wake Buganda. Wa kwanza walifika mwaka wa 1877, wakipitia Zanzibar. Miaka minane baadaye Askofu James Hannington alifunga safari kutoka pwani hii ya Mombasa akikata kupitia nchi ya Wamaasai, akauawa Busoga mwezi Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Alichokuwa akikifuata huko ni kanisa changa la watu walioitwa wasomaji. Naam, katika Kiganda cha zama hizo, kusoma na kufuata dini yalikuwa mambo mawili yaliyobebwa na neno moja.

Miongoni mwa wasomaji hao alikuwamo kijana mmoja aliyekuja kukisoma kitabu hicho mpaka kikampeleka mahali ambapo walimu wake hawakutaka afike. Jina lake ni Semei Kakungulu. Leo anakumbukwa kwa mambo mawili ambayo ni shida kuyaweka katika mtu mmoja: aliwatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda kwa bunduki, kisha akaanzisha jamii ya Wayahudi weusi iliyo hai hadi leo katika vilima vya Mbale, si mbali na mpaka wa Kenya.

Kakungulu alizaliwa mnamo 1869 katika Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi mwa Buganda. Aliingia Buganda mwaka wa 1884, akapata sifa ya kuwa mwindaji hodari wa ndovu, kazi iliyompa bunduki, wafuasi na mlango wa kuingilia jumba la mfalme. Alijiunga na wasomaji wa Kiprotestanti. Mwaka wa 1888 Mwanga alipopinduliwa na Buganda ikatumbukia katika vita vya Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, mwindaji huyo aligeuka jemadari, na alikuwa miongoni mwa waliomrejesha Mwanga kitini.

Vita vilipokwisha Kakungulu alitarajia makubwa. Alipewa vyeo na ardhi, lakini mbele yake alisimama Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, Mprotestanti mwenzake na hasimu wake wa maisha. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu aliliacha jiji kuu akaenda mpakani, Bugerere, na kutoka huko akaanza kutazama upande wa mashariki, ng'ambo ya mto Nile, katika nchi ambazo Waganda waliziita Bukedi.

Mwezi Aprili 1899 jeshi lake, likishirikiana na askari wa Waingereza, liliwakamata Lango wafalme wawili waliokuwa wakiupinga ukoloni: Mwanga wa Buganda, yule yule aliyepata kumpigania, na Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka wa 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafariki dunia Jinja mwaka wa 1923 kabla hajaiona Bunyoro.

Sehemu hii ya maisha yake haipendezi na haifai kupakwa rangi. Kwa Wateso, Wagisu, Wagwere na jirani zao, Kakungulu alikuwa mtekaji. Ngome zake zilijengwa kwa jasho la watu walioshindwa, na mawakala wake Waganda waliwatawala wenyeji kwa mkono mzito. Ni kweli pia kwamba alifungua barabara, akapanda migomba, na kwamba mji wa Mbale ulikuwa kazi ya mikono yake. Wageni waliopita hapo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walistaajabu kuona mji umesimama mahali palipokuwa pori. Anayeisifu Mbale na awakumbuke pia walioibeba mizigo yake.

Alichokitaka Kakungulu kwa kazi hiyo yote kilikuwa ufalme. Aliamini kwamba Sir Harry Johnston, mjumbe maalum wa serikali ya Uingereza, alikuwa amemwahidi kuwa Kabaka wa Bukedi. Waingereza hawakuiona ahadi hiyo. Baadaye walimwondoa katika ngome yake ya Budaka, wakamwachia eneo la maili mraba 20 penye Mbale. Alipokwisha kuijenga Mbale, wakaichukua nayo, wakaifanya makao ya utawala wao. Mwaka wa 1906 walimpeleka Busoga kuwa mkuu wa baraza la machifu, cheo chenye jina kubwa na uwezo mdogo, na mwaka wa 1913 wakamrudisha Mbale akiwa chifu tu, kama machifu wengine. Baada ya migogoro isiyokwisha juu ya ardhi na mshahara, alijiuzulu mwaka wa 1917 akajitenga Gangama, chini ya mlima Elgon.

Wapo wasemao kwamba dini yake ya mwisho ilikuwa kinyongo cha mtu aliyedhulumiwa na Waingereza, basi akatafuta Mungu asiye wao. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila haitoshi. Machifu waliovunjwa moyo na wakoloni walikuwa wengi Afrika Mashariki, na walio wengi walimalizia siku zao katika pombe au mashauri ya mahakamani. Kakungulu alimalizia zake katika kusoma.

Mnamo mwaka wa 1914 alikuwa amejiunga na dhehebu la Bamalaki, Wakristo waliojitenga, wakaiadhimisha Jumamosi kuwa siku ya mapumziko na kukataa dawa na chanjo za wazungu wakisema kwamba mponyaji ni Mungu pekee. Serikali iliwaona kuwa wakaidi. Lakini Kakungulu, akiwa na Biblia ya Kiganda mkononi, alizidi kuzama katika vitabu vitano vya Musa. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona kwamba amri alizozikuta humo hazikuwa zimetanguliwa popote kwa maneno aliyoweza kuyakubali. Tohara ilikuwamo. Sabato ilikuwamo. Kwa nini basi zisifuatwe?

Mwaka wa 1919, akiwa mtu wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa, yeye na wanawe, na wafuasi wake wakamfuata. Ili msomaji aupime uzito wa jambo hilo, yafaa akumbuke kwamba Waganda kwa mila hawatahiri, tofauti na Wagisu wa hapo Mbale ambao, kama ndugu zao Wabukusu wa Bungoma, huihesabu tohara kuwa ndiyo lango la utu uzima. Viongozi wa Bamalaki walishtuka. Walimwonya kwamba tohara kwa sababu ya dini ni jambo la Wayahudi, watu wasiomkiri Yesu. Jibu lake lilikuwa jepesi: ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Tangu siku hiyo akajitenga nao, na watu wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Hapa pana kosa moja la mara kwa mara linalofaa kusahihishwa. Jamii hii haihusiani na ule mpango wa Uganda wa mwaka 1903, ambapo Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya makao katika Afrika Mashariki. Ardhi iliyotajwa wakati huo ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo imo Kenya, na mpango wenyewe ulikataliwa na Wazayuni mwaka wa 1905. Hakuna Myahudi aliyetumwa kumhubiria Kakungulu. Kilichomfikisha alikofika ni kitabu alichopewa na Wakristo.

Lakini kuwa Myahudi peke yako, mlimani, bila rabi, bila gombo la Torati na bila mtu wa kumuuliza, ni jambo gumu. Hapo ndipo kipaji cha pili cha Kakungulu kilipojitokeza. Mtu aliyezoea kupanga majeshi alianza kupanga masomo. Mwaka wa 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kurasa zipatazo 90, chenye sala, kanuni na mafungu ya Maandiko, kikiwa mwongozo wa walimu na wa kila nyumba iliyoifuata imani hiyo. Kiliagiza kwamba watoto wa kiume watahiriwe siku ya nane, na kiliwafunza watu jinsi ya kuomba. Humo mlikuwa bado na mchanganyiko. Mabaki ya Ukristo yalionekana hapa na pale, na ubatizo ulikuwa haujaachwa.

Aliyeyasafisha mabaki hayo alikuwa mgeni. Katika miaka hiyo ya 1920 alitokea Myahudi mmoja anayekumbukwa kwa jina la Yusufu tu, anayeaminika kuwa mtu wa asili ya Ulaya. Alikaa na Kakungulu kwa muda wa miezi sita hivi. Alimfundisha kalenda ya Kiyahudi na sikukuu zake: Pasaka ya ukumbusho wa kutoka Misri, Siku ya Upatanisho, Sikukuu ya Vibanda na nyinginezo. Alimwonyesha taratibu za kuchinja na vyakula vilivyo halali na visivyo halali, akamfunza herufi za Kiebrania na kumwachia Biblia ya Kiebrania yenye tafsiri ya Kiingereza. Ubatizo ukakoma, na wanaume wakaanza kufunika vichwa wakati wa sala.

Kwa shauri la Yusufu, Kakungulu alianzisha shule ya kuwafundisha vijana yale aliyoyapokea, ili elimu hiyo isibaki kichwani mwa mtu mmoja. Jemadari aliyekuwa na maelfu ya mikuki nyuma yake sasa aliketi na vijana wachache akiwapitisha katika Torati. Waliofuzu walipelekwa vijijini kufundisha wengine. Nyumbani, wazazi waliimba zaburi kwa Kiganda pamoja na watoto wao, wakapika chakula cha Sabato kabla jua la Ijumaa halijatua, na kuwapa watoto majina ya manabii na wafalme wa Israeli ya kale. Mtoto aliijua dini yake kwa kuishi ndani ya mwaka wake, sikukuu baada ya sikukuu.

Kakungulu alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama. Jamii aliyoiacha iligawanyika mara moja. Wapo waliorudi katika Ukristo, ambako ndiko kulikokuwa na shule za serikali na za misheni. Jambo hili lilikuwa mwiba kwa kila mzazi Myahudi wa Mbale: kumpeleka mtoto shule ya misheni kulimaanisha, aghalabu, kumpeleka abatizwe, na kumnyima shule kulimaanisha kumnyima riziki ya kesho. Familia nyingi zilichagua shule, na nani awalaumu? Waliobaki waliongozwa na wanafunzi wake, akiwamo Samson Mugombe, aliyeishika taa hiyo kwa miongo kadhaa.

Pigo kubwa lilikuja enzi ya Idi Amin, 1971 hadi 1979. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, na watu wakasali kwa siri majumbani na migombani. Jamii hiyo husimulia juu ya mzee mmoja aliyekamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiliwa baada ya kutolewa mbuzi watano. Utawala huo ulipoanguka, walikuwa wamebaki watu wapatao 300.

Waliouamsha moto upya mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa vijana, waliokusanyika katika kilima cha Nabugoye wakaishi pamoja, wakilima na kujifunza yale ambayo wazee wao walikuwa wameyahifadhi. Mmoja wao alikuwa Gershom Sizomu, mjukuu wa Mugombe. Mwaka wa 2002 marabi kutoka ng'ambo walifika Nabugoye na kuwaingiza rasmi mamia ya watu katika dini ya Kiyahudi, ingawa wapo waliokataa tendo hilo wakisema wao ni Wayahudi tangu 1919 na hawahitaji cheti. Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka wa 2008 na kurudi Mbale. Sinagogi kubwa jipya lilifunguliwa Nabugoye mwaka wa 2016.

Ule mwiba wa shule nao umeshughulikiwa. Jamii hiyo ilianzisha shule ya msingi ya Hadassah na shule ya sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu. Watoto wa Kiyahudi hupata humo Kiebrania na masomo ya dini yao pamoja na masomo ya kawaida. Milango yake iko wazi kwa watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wa vijiji vya jirani, wengi wao Wagisu, vitukuu vya watu walioionja bunduki ya mtu ambaye jina lake limeandikwa langoni.