DAKTARI DENIS BURKITT NA SIRI YA CHEMBE HAI



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, wanafunzi wetu wapenzi na wazee wetu watukufu, safari hii tunaeleza maisha ya tabibu ambaye hakuwa Muislamu, bali alikuwa Mkristo aliyeshika dini yake. Maulamaa wetu wa zamani waliisoma tiba ya Wayunani, wakaipima na kuiendeleza. Elimu yenye manufaa haikataliwi kwa sababu ya aliyeileta, na elimu ya bwana huyu inawagusa watoto wetu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipata ajali akapoteza jicho moja. Alipofika chuo kikuu mjini Dublin alianza na uhandisi, kisha akabadilisha akasomea udaktari. Baadaye akawa daktari wa upasuaji, kazi inayotaka macho makali, na yeye alikuwa na moja tu. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitumikia jeshi, na kwa njia hiyo akafika Afrika Mashariki. Mwaka 1946 aliajiriwa Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

WATOTO WAWILI

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita Mulago amuangalie mtoto wa kiume aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alimuona mtoto wa kike mwenye uvimbe kama ule. Alipompima akakuta na tumboni mna uvimbe. Hapo alianza kujiuliza: mmoja huweza kuwa ni jambo la nadra, lakini wawili wana habari moja. Akapekua kumbukumbu za hospitali na kuwakuta wengine, na mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo.

CHEMBE HAI NI NINI?

Ili tufahamu alichokigundua, tutazame kwanza mwili wetu. Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, ndogo zisizoonekana ila kwa hadubini. Hazifanani. Chembe nyekundu za damu hubeba hewa safi, za neva hupeleka habari, za misuli huvuta na kulegea, na nyeupe ni walinzi. Nazo huwasiliana: moja hutoa kemikali, nyengine ikaipokea na kujua kama ifanye kazi, ijigawe au ife. Chembe iliyozeeka au kuharibika hufa kwa utaratibu ili nyengine zisalimike. Mtume wetu (S.A.W.) aliwafananisha waumini na mwili mmoja, kiungo kimoja kikiumwa vyengine navyo huhangaika. Sayansi ya chembe hai inatuonesha ushirikiano huo ulivyo wa ndani.

Saratani ni chembe iliyoacha kusikiliza wenzake. Haifi inapotakiwa kufa, na hujigawa bila ya kuagizwa. Uvimbe alioukuta Burkitt unatokana na aina ya chembe nyeupe zinazotengeneza kinga, na idadi yake huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili tu.

SAFARI YA KILOMITA 16,000

Burkitt alipeleka picha na maswali katika hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, alifunga safari ya gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza katika hospitali zaidi ya 50. Waliona kuwa uvimbe huu unapatikana kwenye joto na mvua, na haupatikani kwenye milima mirefu yenye baridi. Ramani yake ililingana na ramani ya malaria.

Hapa ndipo visiwa vyetu vilipoingia. Katika miaka ile Unguja na Pemba kulikuwa na kampeni kubwa ya kutokomeza malaria, na ilionekana kuwa uvimbe huu ni haba visiwani kuliko pwani ya bara iliyo jirani.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwepo. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe huko kwa ndege. Mwezi wa Disemba 1963 ndege moja ilicheleweshwa na ukungu, na maji yaliyohifadhi kipande yakafika yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini akakuta chembe hai zinaelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuwa wameona ndani yake virusi vipya.

Leo tunajua kuwa virusi hivyo huwaingia takriban watu wote na wengi havituletei saratani. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, chembe zake za kinga hujigawa kwa wingi na walinzi wengine huchoka. Katika kujigawa huko kipande cha kromosomu huhama mahali pake, na chembe moja ikaasi.

MATIBABU NA MWISHO WAKE

Burkitt aliwatibu watoto kwa dawa za saratani zilizokuwa bado mpya, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1966 alirudi Uingereza, ambako alihimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

MAFUNZO

Wazee wetu, malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijatoweka. Walazeni watoto ndani ya vyandarua, na mwenye homa apimwe. Mtoto akivimba taya au tumbo, au jino likalegea bila ya sababu, msimzungushe kwa dawa za majani wiki hadi wiki. Uvimbe huu hukua haraka mno, lakini ukiwahiwa hospitali wengi hupona. Dini yetu inatufundisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa. Juu yetu ni kuitafuta mapema.

Nanyi wanafunzi, someni Qur-ani na someni bayolojia. Visiwa hivi vinahitaji madaktari wanaomuogopa Allah.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape afya watoto wetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.